Tungule yangu ya kwanza imeingia kwenye kachumbari ya wifi

Assalamu alaikum Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Malindi, nimeolewa Lamu, mtaa wa Langoni, huu mwaka wa sita. Naishi ukweni. Mavyaa, mama wa mume wangu, yuko juu, mimi na mwanangu wa miaka minne tuko chini, na chumba kinachotazamana na changu anakaa wifi yangu mkubwa, aliyerudi kwao na watoto watatu baada ya kuachwa. Mume wangu ni baharia. Huja kila miezi mitatu, hukaa wiki mbili, huondoka. Nakueleza haya mapema kwa sababu jambo lenyewe ni dogo na naogopa utacheka.

Ni tungule moja, wengine huiita nyanya.

Nyuma ya nyumba tuna ua wa mchanga, hatua kumi na mbili kwa tisa, wenye kisima cha maji ya chumvi na mdimu alioupanda marehemu bavyaa. Miaka yote niliyokaa hapa ua ule ulikuwa wa kuanikia nguo na kumwagia majivu. Idi ilipopita, mume kaondoka, mwanangu kaanza chuoni kusoma Kurani, nikajikuta asubuhi nzima sina la kufanya. Nikamwambia mavyaa nataka kujaribu mboga pale nyuma. Akasema, "Haya." Kwetu mama alikuwa na shamba, lakini mimi nilikuwa mtoto wa shule, jembe nililiona kwa macho tu.

Nilianza kwa kukosea. Samadi ya punda hapa haina bei, nikaletewa magunia manne, nikaitia matutani ikiwa mbichi, asubuhi inafuka mvuke. Mbegu za dania zote zikafia humo. Mvua ilikuwa bado, mchicha nikaunywesha maji ya kisima, majani yakaungua ncha kama yaliyopitishwa motoni. Na paka, unawajua paka wa Lamu, walidhani nimewachimbia choo. Siku moja nilikaa kwenye ukingo wa kisima nikalia. Halafu nikaanza upya. Samadi nikairundika pembeni ipoe. Mdimu ulikuwa umefunika nusu ya ua, na tungule zataka jua, nikamwita mtu akakata matawi mawili makubwa. Yale matawi, kwa kuwa yana miiba, nikayalaza juu ya matuta na paka wakakoma. Wifi wakati huo alikuwa Faza harusini. Aliporudi akasimama mlangoni, akatazama, akasema, "Pamekuwa peupe." Nilifurahi kwamba angalau yeye ameiona kazi yangu.

Masika yalipoingia mambo yakabadilika. Nina daftari la shule naandika kila kitu. Nikunukulie kidogo. "Aprili 9: mvua ya maana, pipa zote mbili zimejaa. Aprili 10: nimesia mchicha, kunde na bamia. Aprili 12: nimepanda miche 12 ya tungule, nimenunua kwa kijana wa Wiyoni. Aprili 15: minne imekatwa shingoni usiku, imelala. Iliyobaki nimeivika karatasi miguuni. Mei 6: nimekata mchicha mara ya kwanza, mafungu matatu. Mei 11: vidukari kwenye kunde, nimeponda majani ya mkilifi nikatia sabuni kidogo, nimenyunyiza. Mei 28: ua la kwanza la bamia, la manjano lenye moyo wa zambarau." Ile siku ya ua la bamia nilimpigia mume wangu simu ya video akiwa baharini, mawimbi yakawa yanakata sauti, nikawa nafanya kupiga kelele, "Liangalie! Liangalie!" Watoto wa wifi wakanicheka. Wao jioni hushindana kunitekea maji kwa ndoo, hasa yule wa katikati.

Sasa shida. Wifi huingia uani wakati wowote akachuma. Hachumi kama mimi. Mimi mchicha naukata kwa kisu naacha kisiki kichipue, yeye huung'oa na mizizi. Tuta zima la mwezi wa tano aliling'oa kwa siku mbili. Mafungu mengine huwapelekea majirani, na majirani humshukuru yeye. Nimenyamaza. Yeye hutengeneza achari na kuuza chupa, mimi sijawahi kutia kidole kwenye chupa zake bila kuomba.

Basi katika miche yangu saba ya tungule iliyosalia (mmoja ulioza shina), mche wa tatu ulikuwa na tungule moja chini kabisa iliyoanza kugeuka rangi. Niliifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Siku tisa naiangalia, asubuhi na jioni. Niliazimia nikiichuma niiweke kwenye kisahani nimpelekee mavyaa kwa mkono wangu. Ijumaa narudi kumchukua mwana chuoni, nakuta chakula kimeshapakuliwa, kachumbari iko juu ya sinia. Mavyaa akaonja akasema, "Tungule hii tamu. Umenunua wapi?" Wifi akajibu, "Ya uani." Basi. Ya uani. Hakunitazama hata mara moja. Uzi wangu niliuona jioni jikoni, umekanyagwa sakafuni.

Tangu siku hiyo sina raha. Nikisema, nitaitwa mchoyo wa mchicha wa shilingi 20. Nikinyamaza, moyo unatokota. Yeye naye siku hizi ni moto, juzi alirudi sokoni amegombana na muuza ndimu. Nimefikiria kuweka uzio wa makuti wenye mlango na kufuli. Nimefikiria kuhamishia kila kitu darini, juu ya nyumba, kwenye ndoo. Nimefikiria kumwambia mume wangu, ambaye anatarajiwa wiki ijayo. Na usiku mmoja, Mungu anisamehe, nilifikiria kung'oa kila kitu wakiwa wamelala. Niambie kweli, mimi ni mchoyo?

Tena: tungule nyingine tatu zimeingia weusi kitakoni, mviringo mweusi uliobonyea, na bado ni mbichi. Jirani mmoja amesema ni hasadi. Naomba unijibu na hili.

Mkaza mwana, Langoni


MSHAURI ANAJIBU

Waalaikum salaam mwanangu,

Sikucheka. Ila hapo kwenye paka, nisamehe, nilitabasamu.

Jambo lako si dogo. Ulichosimulia ni kwamba kwa miaka sita umeishi katika nyumba ambayo kila kitu ulikikuta: vyungu, mpangilio wa chakula, nani anakaa wapi kwenye mkeka. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kimetokea kitu ambacho bila wewe kisingekuwepo. Ulikitoa kwenye mchanga wa majivu na chumvi. Ukakisubiri siku tisa kwa uzi mwekundu. Kisha kikaliwa mbele yako na mtu uliyetaka akile, kwa mkono usiokuwa wako, na jina lako halikutajwa. Nikisoma barua yako naona hata mchicha hukuuandikia machungu kama uliyoyaandikia yale maneno mawili, "ya uani". Kama nimekosea utanisahihisha.

Umeniuliza kama wewe ni mchoyo. Mchoyo hafungi uzi kwenye tunda la kumpelekea mavyaa. Hilo tuliweke kando. Lakini ukiniruhusu nitageuza karatasi yako nisome tena mistari michache uliyoipita mbio, kwa sababu nadhani kuna mambo humo uliyoyaandika bila kuyasikia.

Kwanza mchicha. Umechukulia kwamba kuung'oa na mizizi ni dharau. Nenda sokoni asubuhi utazame: mchicha mwingi unaoletwa umefungwa na mizizi yake, udongo bado umeshika. Watu wengi, na wakulima wengi, huusia mbegu, huungoja wiki tatu au nne, huung'oa wote, husia tena. Wako wanaoukata kama wewe, juu kidogo ya ardhi, wakaacha majani mawili matatu ya chini uchipue. Njia zote mbili ni njia. Je, wifi yako aliwahi kuambiwa kwamba kisiki kile kinachipua? Mwenyewe umejua lini? Nahisi ni Mei 6, au siku chache baadaye, ulipoona kwa macho yako. Yeye hakuwa na daftari.

Na tungule. Uzi ule kwako ulikuwa ahadi. Kwa asiyejua, uzi kwenye tunda unaweza kuwa alama ya "hii ndiyo iliyoiva". Sisemi hakujua. Sijamwona, sijasikia upande wake. Huenda alijua fika. Nasema tu kwamba uzi haukumwambia kitu, nawe hukumwambia.

Sasa tufike kwenye mdimu. Umeuandika kwa sentensi moja, katikati ya samadi na paka: ulikuwa umefunika nusu ya ua, ukamwita mtu, matawi mawili makubwa yakakatwa, wifi akiwa Faza. Kilimo chako ni sahihi, tungule bila saa sita hivi za jua haziji kitu. Lakini soma tena ukijiweka mlangoni alipokuwa amesimama. Ule mti ulipandwa na baba yake, naye hayupo. Mwanamke huyu ametoka kwa mume, amerudi na watoto watatu kwenye nyumba aliyozaliwa, na katika nyumba hiyo pengine ni mdimu tu ambao haujabadilika. Anakwenda harusini siku chache. Anarudi, nusu ya mti haipo, na matawi yenyewe yamelazwa juu ya matuta yanakauka mbele ya macho yake kila siku ili paka wasichimbe. Akasema, "Pamekuwa peupe." Wewe ulisikia sifa. Labda ilikuwa sifa. Mimi nimeisoma mara tatu na kila mara nasikia kitu kingine.

Kisha kuna achari. Umeniambia anauza chupa, na umeniambia amegombana na muuza ndimu, lakini umeyaweka mbalimbali kana kwamba hayajuani. Mwanangu, huko nyuma ndimu zake alikuwa akizitoa wapi?

Sikuandikii haya ili ujione mkosa. Uliomba ruhusa kwa aliye mkubwa nyumbani, akasema "haya", na kwa adabu za kwetu hilo latosha kabisa kwa kuchimba matuta. Kwa kukata mti wa marehemu, sina hakika kwamba "haya" ile ilifika huko, na sina hakika kwamba mavyaa mwenyewe hakushtuka akanyamaza. Hilo ndilo jambo la kuuliza.

Kuna na hili la ua ni wa nani. Mimi si kadhi, na nikitoa fatwa gazetini nitafukuzwa mjini. Lakini mgawanyo wa mirathi kila mtu wa Lamu ameusikia msikitini: mtu akifariki ameacha mke na watoto, mke ana thumuni, yaani moja ya nane, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa fungu moja la wa kike. Kama nyumba ile ni ya marehemu na haijagawanywa, basi wifi yako ana sehemu yake katika ule mchanga. Wewe unakaa hapo kwa upande wa mumeo. Jasho ni lako, mbegu ni zako, na sidhani yupo wa kukunyang'anya hayo. Ila aliposema "ya uani" huenda hakuwa anakufuta wewe. Huenda alikuwa anajitaja yeye. Yote mawili yanaweza kuwa ndani ya maneno yale mawili kwa pamoja, na hapo ndipo panapouma pande zote.

Halafu wale watoto. Jioni wanashindana kuteka maji, na yule wa katikati, umesema, hasa. Kwa hesabu yangu, pipa zako zikikauka kati ya mvua na mvua, bustani hii inanyweshwa na watoto wa wifi. Watoto hao wanakula nini katika kile wanachokinywesha, na nani amewaambia asante kwa sauti, mbele ya mama yao? Hukuniandikia. Labda wewe ndiye unayewaambia kila siku na hukuona haja ya kuliandika.

Kuna methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hakuna aliyekupa. Ulilichukua mwenyewe mwaka wa sita. Nakupongeza, ila jembe la kujichukulia wenyeji hulitazama kwa jicho lingine kuliko jembe walilokukabidhi.

Haya, tuje kwenye mawazo yako, moja moja.

Kung'oa usiku, hilo umelitubia mwenyewe.

Uzio wa makuti una faida ambayo hukuitaja. Kusi limeshaingia, na litavuma mpaka Septemba, upepo wenye chumvi. Mboga za Lamu huteswa na upepo kama zinavyoteswa na jua. Makuti upande wa kusini wa matuta yangezikinga, na hakuna mtu nyumbani angeuliza kwa nini. Lakini wewe ulisema mlango na kufuli, na kufuli halizuii upepo. Ndani ya ua wa familia, ufunguo ukiwa shingoni mwa mkaza mwana, watoto wakija na ndoo jioni wakakuta pamefungwa, hayo maneno yatafika juu kwa mavyaa kabla hujafika wewe, na ukishafunga ni vigumu kufungua bila kuonekana umeshindwa. Kama unaweka uzio, jiulize unazuia nini.

Darini kwenye ndoo kuna utulivu, na vitu vingine vingekubali: dania, nanaa, pilipili. Ukipanda huko huna wa kugombana naye. Lakini darini kusi halina kizuizi, ndoo hukauka upesi kuliko tuta, itabidi unyweshe mara mbili kwa siku, na maji yapande ngazi kwa mgongo wako, kwani watoto sidhani watashindana kupanda nayo. Tena utakuwa umemwachia uani pote na bado hujasema kitu. Kuna wanaopata amani kwa njia hiyo. Kuna wanaohama na kinyongo chao kwenye ndoo ileile. Wewe ni yupi, unajijua.

Kumwambia mume. Anakuja wiki ijayo na ana wiki mbili tu. Ana haki ya kujua mkewe anaumia wapi, na kumficha si jambo ninaloweza kukushauri. Lakini fikiria utakavyoliweka. Ukimwambia, "Dada yako anachuma mboga zangu," umempa kazi ya kuchagua, na atakayechaguliwa vibaya atabaki na mwenzake miezi mitatu mume akiwa baharini. Ukimwambia, "Nilikata mdimu wa baba yenu na sasa nahisi niliumiza mtu," huenda akakwambia jambo kuhusu mti ule ambalo wewe hulijui. Yeye amekua chini yake.

Mavyaa. Ni mkubwa, na neno lake moja lingemaliza kila kitu, au lingekifunika tu. Yeye ni mama wa mmoja kati yenu. Hata akihukumu kwa haki, mmoja atasema amependelewa mwenzake. Mimi ningemwendea kwa jambo jingine kabla ya hilo, kumwambia tu kwamba ile tungule tamu ulikuwa umemwekea uzi wewe. Si mashtaka hayo, ni habari. Lakini sauti ikikukatika katikati itakuwa mashtaka, na kama bado unatokota, ngoja ipoe kama ile samadi.

Linabaki la kuzungumza na wifi mwenyewe, na naona katika mawazo yako manne halimo. Umefikiria kufuli kabla ya kufikiria mdomo. Nakuelewa, mawifi wawili nyumba moja, neno likitoka vibaya mnaishi nalo. Anaweza kukujibu, "Kumbe ulikuwa unanihesabia majani?" na hapo umekwisha. Anaweza kulia. Anaweza kukwambia la mdimu kwa ukali, nawe utalazimika kulisikia bila kujitetea kwamba tungule zataka jua. Kama utathubutu, usimwite chumbani mkae mkitazamana kama mahakamani. Tungule zako zinahitaji kuegemezwa. Kata fito, mwombe akushikie wakati unafunga. Mikono ikiwa na kazi macho hayalazimiki kukutana. Waweza kuanzia kwenye mti: "Nilikata bila kukungoja." Waweza kuanzia kwenye kisiki cha mchicha, umwonyeshe kinavyochipua, na mtoto wa katikati akiwa hapo. Wapi utaanzia, au kama hutaanza kabisa mwezi huu, siwezi kukupangia kutoka hapa nilipo.

Nimewahi kusikia mtu akipendekezewa ampe mwenzake tuta moja liwe lake. Ni wazo zuri, ila tazama lina mwiba: utakuwa unampa sehemu ya ua wa baba yake. Kama litakuja, pengine lije kwa namna ya kumuuliza yeye angetaka kupanda nini, na wapi. Huenda akasema hataki kushika udongo, anataka ndimu zake tu. Na huenda kesho akaendelea kung'oa mchicha kama kawaida, maana kuna watu ambao hata ukiwaeleza hawashiki, na hapo itabidi usie mbegu mara mbili zaidi: tuta la kukatwa na tuta la kung'olewa. Kwa mboga inayokomaa chini ya mwezi, si hasara ya kukukosesha usingizi. Ya tungule ni nyingine, inachukua miezi, na ndiyo maana nadhani umeandika barua kuhusu tungule na si kuhusu mchicha.

Jambo moja la kukupoza kidogo kuhusu ile ya Ijumaa: tungule ikishaanza kugeuka rangi, hata ikichumwa huendelea kuiva ndani ya nyumba, dirishani au kapuni. Zinazofuata huna haja ya kuzilinda siku tisa mche­ni, kunguru nao wana macho. Zichume zikianza wekundu, ziwekee kisahani, na kisahani kikae mahali mavyaa anapokiona.

Nimalizie kwa ule weusi kitakoni. Hasadi sikatai kuwa ipo, lakini hii ina maelezo ya karibu zaidi. Tungule hujenga kitako chake kwa madini ya chokaa yanayopanda na maji kutoka mizizini. Maji yakija kwa vishindo, leo mvua ya mafuriko, kisha siku nne kukavu, madini hayafiki mwisho wa tunda, na pale pa mwisho panakufa panakuwa peusi. Maji ya chumvi huzidisha, kwa sababu mizizi inashindwa kunywa vizuri. Sasa masika yanakwisha, pipa zinapungua, nahisi umeanza kurudi kisimani. Kama maji hayatoshi mboga zote, gawanya: ya pipa yawe ya tungule, kidogo kidogo kila siku, shinani, si kwenye majani. Kunde na mchicha vinavumilia chumvi zaidi, hivyo vinaweza kupata ya kisima yaliyochanganywa. Funika udongo kwa makuti makavu au majani usikauke upesi. Zile tatu zichume, mche usijichoshe nazo. Zikiiva kata pale palipooza, panapobaki panalika.

Na samadi uliyoirundika, kwa sasa itakuwa imepoa, haina harufu, inamomonyoka mkononi. Usiiongeze kwenye tungule, zikishiba sana zinatoa majani na weusi unazidi. Mdimu uliokatwa matawi ndio wenye njaa. Mzungushie debe moja au mawili chini yake, mbali kidogo na shina, na maji ya pipa juu yake.